UZI: Kidole tumbo, haluli ya bibi na saa zinazopotea nyumbani

Muuguzi wa Chake

Assalaam alaykum jamani.

Msimu wa mapera ukiingia, mtoto yeyote akishika tumbo huulizwa amemeza mbegu ngapi. Mkubwa naye huambiwa alikimbia na shibe, au alikunywa maji kwa kusimama. Kazi yangu ni chumba cha upasuaji hapa Pemba, na maneno hayo nayasikia kwa watu waliomleta mgonjwa siku ya tatu, tumbo limeshakakamaa. Nimefungua uzi huu tuyazungumze maradhi ya kidole tumbo kwa urefu. Mwenye suali aulize, mwenye yaliyomkuta aseme.

Kidole tumbo kipo chini kulia, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana. Ni kijimrija kinachoning'inia, kwa mtu mzima urefu wake mara nyingi ni sentimita 6 hadi 10, na unene wake haufiki kidole cha mwisho cha mkono. Kina mlango mmoja tu. Ni kama kichochoro cha Mji Mkongwe kisichotokea: uliingilia hapo, utatokea hapo hapo, na mlango ukiziba kilichomo ndani kimo.

Kwa wagonjwa wengi maradhi huanza kwa kuziba huko. Ukuta wa ndani haupumziki kutoa ute. Ute usipopata pa kutokea, shinikizo linapanda. Vijidudu ambavyo siku zote vimo humo bila ya madhara vinaanza kuzaliana ovyo. Mishipa midogo ya damu inabanwa, ukuta unakosa damu, nyama inakufa, mwisho inatoboka. Usaha na uchafu wa utumbo unamwagika mahali ambapo haukutakiwa ufike hata tone.

Kinachoziba ni nini? Mara nyingine ni kinyesi kilichokauka kikawa kijiwe. Mara nyingine ni tezi za kinga zilizomo ndani ya ukuta wenyewe, zinavimba baada ya mtu kuugua mafua au kuharisha kwa virusi. Tezi hizo ni nyingi zaidi kwa watoto wakubwa na vijana, na ndiyo maana maradhi haya yanawapenda walio kati ya miaka 10 na 30, ingawa hakuna umri uliosamehewa. Minyoo nayo imo, ile mikubwa ya mviringo na ile midogo myeupe inayowasha watoto makalioni usiku. Na sisi wa visiwa hivi tuna letu: mayai ya kichocho yanaweza kukaa kwenye ukuta wa kidole tumbo na kuuvimbisha. Dawa za kichocho na minyoo wanazopewa watoto maskulini msiwafiche nazo. Kwa wazee mara chache huwa ni uvimbe wa saratani. Na mara nyingi tu kidole tumbo kinakatwa, kinachunguzwa, na cha kuziba hakionekani.

Mbegu za mapera, tungule na pilipili zinapita na kutoka kama zilivyoingia. Zimewahi kukutwa humo, ndiyo, lakini ni nadra mno. Ingekuwa mapera ndiyo sababu, Pemba nzima ingekuwa na kovu tumboni. Kukimbia na shibe kutakupa kichomi, basi.

MtotoWaWete

Waalaykum salaam. Ahsante kwa uzi. Lakini maalim, matumbo ni mengi. Nitajuaje hili ni la kidole tumbo na si la pweza wa jana?

Muuguzi wa Chake

Tumbo la pweza linakaza na kuachia, na ukenda chooni unapata nafuu. La kidole tumbo lina safari yake. Linaanza kitovuni au chini ya chembe ya moyo, maumivu ya kuchosha, mtu anapapasa kwa kiganja kizima kwa sababu hajui khasa panapouma. Hamu ya kula inakatika. Mtu aliyekuwa na tumbo la kidole tumbo tangu asubuhi halafu anaomba sahani ya biriani, mimi humtilia shaka. Kisha kichefuchefu, pengine kutapika mara moja au mbili. Angalia mpangilio: maumivu yametangulia, kutapika kumefuata. Ukitapika na kuharisha kwanza ndipo tumbo likauma, mara nyingi ni jambo jengine.

Ndani ya saa 12 hadi 24 maumivu yanahama, yanashuka kulia. Sasa mgonjwa anaonesha kwa kidole kimoja. Sababu ni kwamba mishipa ya fahamu ya utumbo wenyewe inapeleka habari ya jumla tu, na ubongo unaisoma kama maumivu ya kitovuni. Uvimbe ukishafika kwenye utando unaofunika tumbo kwa ndani, huo unajua mahali pake sawasawa. Daktari Charles McBurney wa New York aliliandika hilo mwaka 1889, na mpaka leo tunatumia alama yake: shika mfupa wa nyonga unaochomoza mbele upande wa kulia, vuta mstari mpaka kitovuni, theluthi ya kwanza kutoka mfupani ndipo pahali pake. Ukipabonyeza polepole panauma. Ukiachia ghafla panauma zaidi.

Homa huwa ndogo mwanzoni, baina ya 37.5 na 38.5. Mgonjwa analala hataki kutikisika, anakunja mguu wa kulia. Kikohozi kinamuumiza. Mwambie mtoto aruke kwa mguu mmoja, atakataa. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walichapisha uchunguzi wao: waliwauliza wagonjwa kama maumivu yalizidi gari ilipopanda matuta ya barabarani, na karibu wote waliothibitika kuwa na kidole tumbo walisema ndiyo. Sisi tuna mashimo ya kutosha kufanya kipimo hicho bure.

Lakini si kila mtu anafuata safari hiyo. Kidole tumbo kikiwa kimejificha nyuma ya utumbo, maumivu yanakuwa ya ubavuni au mgongoni. Kikiwa kimeshuka ndani ya nyonga, kinagusa kibofu na utumbo wa chini: mtu anakojoa mara kwa mara, au anapata choo laini kidogo kidogo, na hapo anaandikiwa dawa za mkojo akarudi nyumbani.

BintiMichenzani

Hapo umenigusa. Mimi nilikwenda pahala nikaambiwa yutiai, maambukizi ya mkojo, nikapewa vidonge. Usiku wa pili nikarudi nimejikunja, mara hii nikaambiwa taifodi, nikatundikiwa dripu. Hakuna aliyenilaza chali akanibonyeza tumbo. Mama yangu ndiye aliyesema twende hospitali ya Mnazi Mmoja. Nilipasuliwa siku hiyo hiyo, na daktari akasema kilikuwa kimeshaanza kuoza.

Suali langu: kwa nini kwetu wanawake wanachanganya sana? Kila mmoja alikuwa ananiuliza habari za hedhi.

Muuguzi wa Chake

Pole sana, na mama yako Mungu amlipe.

Habari za hedhi walikuwa na haki ya kuuliza, shida ni kwamba hawakumaliza. Kwa mwanamke upande huo wa kulia pana majirani: kifuko cha mayai, mrija wa uzazi, kizazi chenyewe. Uvimbe wa kifuko cha mayai ukijisokota unauma vile vile. Maambukizi ya mirija yanauma vile vile. Na mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kumuua mtu kwa kuvuja damu ndani kwa muda mfupi kuliko kidole tumbo. Kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya chini ya tumbo anapimwa mimba kabla ya lolote, awe ameolewa au hajaolewa. Wazazi wakikasirika wakasirike. Jibu likishatoka tunajua tunakwenda wapi.

Mjamzito ni habari nyengine. Kizazi kikikua kinasukuma kila kitu juu, na maumivu yanaweza kupanda juu ya mahali pa kawaida. Kutapika anatapika kwa mimba, tumbo linamvuta kwa mimba, basi kila dalili ina kisingizio. Kidole tumbo ni miongoni mwa sababu kubwa zinazompeleka mjamzito kwenye upasuaji usiohusiana na uzazi, na kikipasuka mtoto anaweza kupotea. Akiumwa upande wa kulia asiambiwe "mtoto anageuka" na mtu ambaye hajamgusa.

Taifodi kile kipimo cha damu cha haraka kinadanganya sana, kinaweza kuonesha ndiyo kwa mtu aliyeugua zamani au hata hajaugua. Karatasi ya taifodi haiondoi kidole tumbo. Na malaria, kwa jinsi ilivyopungua Unguja na Pemba, isiwe jibu la kwanza la kila homa.

Kinachomaliza ubishi ni mkono wa daktari, kipimo cha chembe nyeupe za damu, mkojo, na utrasaundi ikipatikana na mpimaji mzuri. Utrasaundi isipokiona haina maana hakipo. Kwa mtu mwenye tumbo kubwa au lililojaa hewa huwa kazi. Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alitunga hesabu ya alama 10 inayokusanya dalili na vipimo hivyo vya kawaida. Alama nyingi, mgonjwa anatayarishwa. Chache, anaweza kurudi nyumbani na maelezo. Za katikati, analazwa anaangaliwa, anabonyezwa tena baada ya saa kadhaa. Kulazwa kwa kuangaliwa watu wanakuona kama kupuuzwa, na ni kinyume chake.

Ami wa Micheweni

Nisimulie langu, labda litamfaa mtu.

Ilikuwa Ramadhani. Mtoto wa ndugu yangu, kijana wa skuli ya sekondari, alifuturu vizuri, muhogo wa nazi na samaki. Kabla ya tarawehe akasema tumbo linamuuma kitovuni. Tukasema shibe. Usiku akatapika, tukasema afadhali, limetoka. Bibi yake akampikia sanamaki ili "afunguke". Asubuhi akaitwa bibi mmoja mkandaji, akamkanda na mafuta ya makonyo mpaka chumba kizima kinanuka karafuu, kijana analia, naye anasema chango hilo, limejifunga upande wa kulia, lazima lirudishwe. Alasiri maumivu yakakata. Akakaa kitako, akasema anasikia nafuu. Bibi akamshukuru Mola na mkandaji akapewa chake.

Usiku ule homa ikapanda akawa anatetemeka. Tumbo lote likawa gumu, huwezi kuligusa hata kwa shuka. Tulikodi gari, na kila shimo alikuwa anapiga ukelele. Kufika alipasuliwa katikati, kutoka juu ya kitovu mpaka chini, wakatoa usaha, wakaosha, wakamwekea mrija wa kutolea uchafu. Alipona, lakini mtihani wa mwaka ule hakuufanya.

Nataka kujua: ile nafuu ya alasiri ilikuwa nini?

Muuguzi wa Chake

Ami, shukran kwa kusema. Umekitaja kitu ambacho kinatudanganya kuliko vyote.

Kabla hakijapasuka, kidole tumbo kimejaa na kimenyooka kwa shinikizo, na shinikizo ndilo linalouma. Kikipasuka, shinikizo linaachia. Mgonjwa anasikia nafuu ya kweli, pengine saa chache, anaomba hata uji. Wakati huo usaha unasambaa. Utando wa tumbo ukishawaka wote, maumivu yanarudi na safari hii hayana upande, tumbo zima linakakamaa, homa inapanda, moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka. Vijidudu vikiingia kwenye damu, shinikizo la damu linaanguka, figo zinaacha kutoa mkojo. Hapo ndipo watu wanapokufa. Kwa hiyo tumbo lililokuwa linauma vibaya likapoa ghafla bila ya dawa wala choo, huyo ndiye wa kukimbizwa.

Sasa nitaje vitu ambavyo nyumbani tunamfanyia mgonjwa kwa mapenzi tu.

Haluli, sanamaki, mafuta ya mbarika, chochote cha kuharisha: vinaufanya utumbo ukaze na kusukuma, na chenye kuoza kinapasuka upesi. Mtu mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana hapewi dawa ya kuharisha, awe amepata choo au hajapata. Kukosa choo siku hiyo ni matokeo ya utumbo kulala kwa sababu ya uvimbe jirani.

Kukandwa ndio balaa. Mwili wenyewe unajaribu kujitetea: mafuta ya ndani ya tumbo na matumbo ya jirani yanajikusanya kukizunguka kidole tumbo ili kikipasuka uchafu ubaki pale pale kama jipu. Mkandaji anakuja kuuvunja ukuta huo kwa vidole vyake kumi. Mafuta ya makonyo ni mazuri kwa mguu uliotegeka. Tumboni mwa mgonjwa kama huyu yasisogee.

Sindano za maumivu kutoka duka la dawa zinampa mtu usingizi wa usiku mmoja na kumnyang'anya saa zake. Hospitali tunampa dawa ya maumivu, na haizuii daktari kuyajua maradhi. Ubaya wake ni pale inapotumika ili mtu asiende hospitali. Antibayotiki za kununua mbili mbili nazo zinafifisha dalili nusu nusu, mgonjwa anafika na picha isiyosomeka.

Kombe na dua sina neno navyo, asomewe njiani. Ila asinyweshwe glasi nzima. Mtu anayeweza kwenda kupasuliwa hatakiwi kuwa na kitu tumboni, kwa sababu akiwa katika nusukaputi kilichomo kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Asile, asinywe, mpaka aonwe.

Saa ndizo zenye hesabu. Katika saa 36 za mwanzo tangu maumivu yaanze, kupasuka kunatokea kwa wachache. Baada ya hapo hatari inapanda kila saa zinavyokwenda. Kijana wenu alitumia saa hizo baina ya sanamaki na makonyo. Na msidhani ni ujinga wa kwetu tu. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni 1902, akaumwa tumbo hili hili, akakataa kupasuliwa kwa sababu wageni wa dunia nzima wameshafika. Daktari wake Frederick Treves alimpasua tarehe 24 akatoa usaha, na kutawazwa kukangoja mpaka tarehe 9 Agosti. Treves huyo, bingwa wa maradhi haya, alikuwa amefiwa na binti yake mwenyewe mwaka 1900 kwa kidole tumbo kilichopasuka.

Mzee Karafuu

Muuguzi, usiwabeze wakandaji wote. Mimi nilipokuwa kijana liliniuma hapo hapo kulia, siku kadhaa, nikanywa mizizi, likapoa mpaka leo. Wazee wetu hawakuwa na visu hivyo na waliishi.

Muuguzi wa Chake

Shikamoo mzee. Sikubishii kwamba lilipoa. Kidole tumbo kinaweza kuvimba kikatulia, kijiwe kikisogea au tezi zikipungua. Wengine jipu linajengeka, linazungukwa, na linanywea polepole. Waliopona wapo hapa wanatusimulia. Wasiopona waliandikwa "alishikwa na tumbo", wakazikwa.

Na hata kwenye hospitali kubwa za dunia kutibu kwa antibayotiki peke yake kunafanyika, lakini kwa mtu aliyepigwa picha ikathibitika hakijapasuka, amelazwa, anaangaliwa. Ufini waliwafuatilia wagonjwa wa namna hiyo miaka 5: karibu 4 katika kila 10 walirudiwa na maradhi. Marekani mwaka 2020 walichapisha wao, karibu 3 katika 10 walikuwa wameshapasuliwa ndani ya siku 90, na kwa wale wenye kijiwe ndani ilikuwa karibu 4 katika 10. Kwa mtu anayekaa dakika kumi na hospitali hiyo ni njia inayozungumzika. Kwa mtu wa visiwa vidogo kama Kisiwa Panza au Fundo mimi ningemwambia kitoke.

MamaWatatu

Mimi nina wadogo, wa mwisho ana miaka mitatu. Huyo hawezi kuniambia "limehama kulia". Nifanyeje?

Muuguzi wa Chake

Mama, wa umri huo ni nadra kupata, lakini akipata mara nyingi anafika kimeshapasuka, kwa sababu ukuta ni mwembamba, mafuta ya kujikingia ndani ya tumbo bado ni machache, na hajui kusema. Mtoto akiumwa kwa kawaida analia, anabebwa, ananyamaza, anacheza kidogo. Huyu hataki kubebwa wala kugeuzwa. Anatembea amejikunja au hatembei kabisa. Anakataa chakula anachokipenda. Anatapika na kuharisha kidogo, na ndiyo maana anapewa maji ya chumvi na sukari akarudishwa. Mwangalie tumbo akiwa amelala usingizi: mguse upande wa kushoto, kisha wa kulia. Akishtuka na kuusukuma mkono wako mara zote unapogusa kulia, vaa buibui mwende.

MtotoWaWete

Na hii habari kwamba kidole tumbo hakina kazi? Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa anasema ni mabaki tu.

Muuguzi wa Chake

Zamani walisema hivyo. Sasa inajulikana kina tezi za kinga nyingi, na wapo wataalamu wanaosema kinahifadhi vijidudu wazuri wa utumbo ili warudi baada ya kuharisha sana. Lakini mtu akikatwa anaishi kama kawaida, anakula kama kawaida, na kwa dada zetu wanaouliza kwa siri kwenye ujumbe wa faragha: kukatwa kidole tumbo hakumzuii mwanamke kuzaa.

Chakula je? Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, alishangaa maradhi haya yalivyokuwa machache vijijini Afrika kuliko Ulaya, na mwaka 1971 akasema tofauti ni makapi ya chakula: mboga, nafaka zisizokobolewa, mihogo. Halijathibitika moja kwa moja, na hakuna mchicha unaokupa kinga. Ila kula boga na kunde badala ya mkate mweupe asubuhi na jioni hakujamdhuru mtu.

Mvuvi wa Tumbatu

Sisi tunakwenda dago, tunakaa kwenye kisiwa hakuna mtu. Hili tumbo likinishika huko usiku na upepo umekataa, nifanye nini? Na mbona tusikitoe mapema tukapumzika?

Muuguzi wa Chake

Yakhe, kuna Mrusi mmoja alikuwa na shida kubwa kuliko yako. Leonid Rogozov, daktari pekee kwenye kituo cha Muungano wa Sovieti huko Antaktika. Mwisho wa Aprili 1961 tumbo lake likawa la kidole tumbo, ndege haiwezi kuruka kwa dhoruba. Akajipiga ganzi, akajipasua mwenyewe, wenzake wawili wanamshikia kioo na taa na vyombo. Ilichukua karibu saa mbili, akapona. Si ruhusa kwako kujaribu na kisu cha samaki.

Kutoa mapema hakufanywi kwa watu wa kawaida. Uwezekano wa kuugua maisha yote ni kiasi cha watu 7 au 8 katika kila 100, na upasuaji wowote una hatari zake. Wapo waliolazimishwa: familia zilizokuwa zikihamia Villa Las Estrellas, kijiji cha Chile huko huko Antaktika, zilitakiwa ziwe zimeshakatwa kabla ya kwenda. Tumbatu na Mkokotoni hakujafika hivyo.

Dago fanya hivi. Tumbo likianza kitovuni na hamu ya kula ikakata, mwambie nahodha saa hiyo, usingoje alfajiri uone. Upepo wa saa hii unaweza kuwa bora kuliko wa kesho. Acha kula. Kama safari itakuwa ndefu, lowesha mdomo kwa maji madogo madogo. Usinywe haluli ya mwenzako, usikandwe na baharia. Mkifika bandarini usianzie kituo cha afya cha shehia kama unaweza kufika penye chumba cha upasuaji. Kwa Pemba ni hospitali ya Abdulla Mzee iliyoko Mkoani, na hospitali za Chake na Wete. Kwa Unguja Mnazi Mmoja na hospitali za mkoa na wilaya, ukipiga simu kabla kuuliza kama daktari wa upasuaji yupo utaokoa muda. Chukua kitambulisho, na kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar kama unayo. Na mtu wa kukusindikiza ajue maumivu yalianza saa ngapi, wapi, na umekunywa nini. Sema kweli hata kama ni mizizi, hatugombi.

Mvuvi wa Tumbatu

Nimeelewa. Na mtu akishakatwa anarudi baharini lini? Mwenzetu alikatwa, wiki ya pili akavuta jarife.

Muuguzi wa Chake

Mwenzenu huyo mpigie simu leo umuulize kovu lake.

Kikikatwa kabla hakijapasuka, kwa mkato mdogo wa kulia, wengi wanatoka hospitali baada ya siku moja hadi tatu. Nyuzi zinatolewa baina ya siku ya saba na ya kumi, nyengine zinayeyuka zenyewe. Kutembea anaanza kesho yake, na lazima atembee, damu isigande miguuni. Lakini nyama ya tumbo inataka wiki nne hadi sita kabla ya kuvuta nyavu, kubeba gunia la karafuu au kusukuma ngalawa. Akiharakisha, utumbo unaweza kuchomoza kwenye kovu, na hiyo ni ngiri nyengine ya kurudi kupasuliwa. Aliyepasuliwa katikati baada ya kupasuka ahesabu miezi, na daktari wake ndiye amwambie.

Arudi hospitali bila ya kungoja tarehe akiona kidonda kinatoa usaha au kimekuwa chekundu na cha moto, homa imerudi, au tumbo limejaa na anatapika na upepo hautoki chini. Hili la mwisho linaweza kutokea hata baada ya miaka, kwa sababu matumbo yaliyopasuliwa yanaweza kushikana na makovu ya ndani yakajifunga. Ukienda na tumbo la namna hiyo, mwambie daktari mwanzo kabisa kwamba uliwahi kukatwa kidole tumbo, na mwaka gani.

Mwenye jengine aandike, nipo zamu ya usiku.